Ghala la viazi lisilojua viazi

Leo kompyuta imeniambia ghala letu halina viazi.

Ghala la VIAZI, jamani.

Nimekaa mezani, nyuma yangu magunia ya viazi vya Mudende yamefika darini. Akaingia mama wa Goma, mteja wetu wa kila wiki.

Bosi amekataza kuuza bila risiti ya programu mpya. Basi nikaandika "viazi".

"Hakuna bidhaa hiyo."

Nikaandika tena, polepole, kama namfundisha mtoto.

Hakuna.

Mama akachungulia kioo cha kompyuta. "We dada, na hii magunia yote iko nyuma yako, ni majiwe?"

Nikampigia fundi aliyeitengeneza programu hiyo, yule bwana wa kuvaa tai. Hata aibu hana: "Dada, neno likijirudia mno, programu inaliruka. Linajaza orodha bure."

Bure! Linajirudia kwa sababu ndilo tunalouza! Niambieni, kichaa ni mimi?

Nakata simu, mama ameshavuka barabara, anapakiwa viazi kwa jirani. Jirani ana daftari na kalamu ya bic.

Jioni fundi akaandika: kesho anakuja kurekebisha, tumwekee gunia moja la viazi apeleke nyumbani.

Nikamjibu: hakuna bidhaa hiyo.