Jiko la Nyanya Limezungushiwa Kamba

…na yule dada wa wiki jana aliyesema wanaume wema wameisha, mimi ndiye niliyemjibu kwamba bado wapo, kwa sababu ninaye mmoja, na kila asubuhi hunichemshia maji ya kuoga kabla hajaenda kazini. Sijafuta maneno yangu. Ndiyo maana kisa hiki kinaniuma kukiandika. Admini, jina langu libaki kwako, maana watu wengi wa kwetu wanafuata ukurasa huu.

Nina miaka ishirini na tano, nilisoma mpaka kidato cha nne, na nina miezi miwili tangu niolewe huku Ikonge. Mume wangu ni muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya harusi aliponiona naingia kanisani alilia, mpaka mchungaji akasimama kumngoja apanguse macho. Nikikumbuka hapo, moyo wangu hulainika wote. Nilisema, Mungu, mimi umenipendelea.

Kwetu ni upande wa Nyamache. Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na nyanya mzaa baba. Nyumba yake iko juu ya mashamba ya chai, nyumba ya kwanza ya matofali kijijini, aliyoijenga babu. Wazee wengi walijifunza kusoma kwenye baraza lake, na wagonjwa walilazwa pale wakisubiri kubebwa kwenda hospitali. Ilipoanza kuchakaa, kijiji kilikubaliana igeuzwe kituo cha turathi, watoto wa shule waje waone wazee wao walivyoishi. Nyanya aliitikia kwa sharti moja: chumba cha nyuma na jiko lake vibaki vyake mpaka siku atakapotolewa ndani ya jeneza. Baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, alikubali mbele ya wazee, nami nikiwepo.

Kwa miaka miwili mimi na nyanya tulikusanya vibuyu vya maziwa, vyungu, jiwe la kusagia wimbi, kiko cha babu. Kila kitu alinieleza kilikuwa cha nani, nami nikaandika kwenye daftari. Funguo za nyumba nilikaa nazo mimi. Asubuhi ya harusi baba mdogo alininyooshea mkono akasema bibi harusi haondoki na funguo za kwao. Tulicheka wote, nikampa. Daftari lilibaki ndani ya sanduku langu, nikaja nalo huku kwa kusahau tu.

Baada ya harusi nilitaka kwenda kumwona nyanya. Mume wangu akasema tungoje, mke mpya hakimbilii kwao kabla hajaitwa, mama yake ataona vibaya. Hata hapo nilisikia raha, nikajiambia hataki tutengane hata siku moja. Nikimpigia baba mdogo simu ili nizungumze na nyanya, mara amelala, mara yuko kanisani. Kanisani Jumanne, na sisi ni Wasabato. Nilishangaa, nikaacha.

Wiki mbili zilizopita nilikutana sokoni na jirani yetu wa Nyamache anayezungusha ndizi masokoni. Aliitazama nguo yangu mpya toka shingoni mpaka chini. "Umenenepa, mwana wetu," akasema. "Ndoa ni tamu. Nyanya yako naye anapikia kwenye banda la ng'ombe."

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba chumba cha nyuma sasa ni ofisi ya baba mdogo. Jikoni, mafiga matatu ambayo nyanya amepikia tangu aolewe yamezungushiwa kamba, na karatasi imebandikwa ukutani kusema wageni wasiguse. Siku moja nyanya aliivuka ile kamba akawasha moto achemshe chai. Baba mdogo aliumwagia maji mbele ya mafundi. Nyanya alimuuliza neno moja tu, "Na mimi ni mgeni?"

Nilifika nyumbani nikilia, nikijua mume wangu ataghadhibika kwa ajili yangu. Alikaa kitandani, akavua viatu polepole. Alikuwa anajua. Siku ya kujadili mahari, baba mdogo alimvuta kando, akamsamehe ng'ombe mmoja, yule wa mwisho aliyekuwa amekwamisha harusi yetu. Naye mume wangu akaahidi kutonirudisha nyumbani mpaka kituo kikamilike, kwa sababu mimi ndiye ningepinga.

"Ningekuambia, ungeahirisha harusi," akasema. "Na mimi nilikuwa nimechoka kukungoja."

Jamani, maneno hayo mwezi mmoja kabla yangenifanya nimkumbatie. Sasa bado ananichemshia maji, nami nayaacha yapoe kwenye beseni.

Juzi baba mdogo alipiga simu, kwa mume wangu, si kwangu. Kituo kinafunguliwa mwisho wa mwezi, wageni wamealikwa, na ukimtoa nyanya, hakuna mtu anayejua kueleza vile vitu. Anataka daftari, na anataka nisimame nieleze nikiwa nimevaa kitenge alichonitumia. Mume wangu anasema nimpe tu yaishe, yeye atampeleka yule ng'ombe aliyesamehewa. Wifi zangu wanasema mimi ni mtu wa boma lingine sasa, ya kwetu niyaache. Nikilizuia daftari, maneno ya nyanya yatabaki sandukuni. Nikilitoa, nitakuwa namsifu nyanya kwa wageni mbele ya jiko alimofukuzwa. Na huyu mume ninayempenda hivi, nitamwaminije tena?

Nyinyi mliotangulia katika ndoa, nishikeni mkono. Mngekuwa mimi, mngefanya nini?

Na wewe mama wa ndizi, najua binti yako husoma hapa. Mwambieni nyanya kabla mwezi huu haujaisha nitafika, na mume wangu au peke yangu. Asitafute kiberiti. Nitakuja nacho.