Wali wa Scolastika na Hotuba ya Mzee Ngassa

Scolastika, Mama Theonest, hakuwahi kumiliki saa. Hata hivyo ndiye aliyepika kwenye mikutano ya chama chetu cha pamba hapa Didia tangu wajumbe walipochoka kulishwa michembe, vile viazi vikavu. Saa yake ilikuwa midomo ya wanaume. Katibu akianza taarifa, anachochea moto wa nyama. Mzee Ngassa akisimama kuchangia, anatia mchele chunguni. Ngassa akifika kwenye mizani iliyompunja babu yake, anapalia makaa juu ya mfuniko. Ngassa akikaa, wali umeiva. Mimi nilikuwa namenya vitunguu, nimeyaona kwa macho yangu.

Mwaka wa sabini saa hiyo iliharibika. Ngassa alipita mizani, akaingia kwenye mbegu, akarudi nyuma hadi enzi za Mjerumani. Wali ukaganda. Mgeni wa kutoka mkoani aliugonga kwa kijiko kama mtu anayepiga hodi. Mwenyekiti Stanslaus akapandwa na hasira. "Mzee, kaa chini! Umetulisha kiporo!" Kisha akaja jikoni, akamwita mama kwa Kisukuma: "Mayu, mwakani ukirudia, namleta mpishi wa hoteli kutoka Kahama."

Scolastika hakulala vizuri wiki nzima. Kwake ile haikuwa kupika tu. Mwanamume gani atakujibu ovyo wakati upawa uko mkononi mwako? Kumnyang'anya upawa ni kumrudisha nyuma ya nyumba, aitwe tu mke wa fulani.

Basi mwaka wa sabini na moja ukafika, na wageni walewale. Tulichinja maksai aliyelima hadi akachoka mwenyewe. Nyama yake tuliibandika alfajiri. Mimi nikawekwa dirishani nichungulie mkutano, Scolastika akiniuliza kutoka mekoni.

"Ngassa kasimama?"

"Bado."

"Anafanya nini?"

"Kakunja mikono. Mdomo kaufunga kama gunia lililoshonwa."

Kumbe mzee alikuwa amenuna. Ameambiwa kaa chini mbele ya watu, basi amekaa, na mwaka mzima hajasimama. Wajumbe wengine, wakiona hakuna wa kuwapinga, walipitisha kila kitu kwa kunyoosha mikono. Ajenda zilikimbia kama mbuzi waliofunguliwa.

"Wamefika wapi?"

"Kwenye mengineyo."

"Yesu na Maria! Mchele uko kwenye ungo!"

Aliumwaga chunguni, akajifunga kanga upya, akachukua birika la chai na kuingia mkutanoni. Akaenda moja kwa moja kwa Ngassa, ambaye ni kaka wa mumewe.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Sina neno leo."

"Nimeona," akasema Scolastika, akimimina chai polepole na kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wageni. "Huko nje wanasema Maganzo sasa wanalima pamba safi kuliko sisi. Nikawaambia lazima ni kweli, mzee Ngassa mwenyewe kanyamaza."

"Maganzo?" Kikombe kikatua mezani. "Wale wachimba almasi? Wanaijua pamba wale?"

"Mimi mpishi tu, shemeji."

"Mwenyekiti!" Ngassa alikuwa ameshasimama. "Naomba nafasi!"

Stanslaus alimtazama Scolastika, akatazama jikoni kusikokuwa na hata harufu ya wali, akaelewa. "Karibu, mzee wangu," akasema. "Na mwaka jana nilikukosea. Ongea utakavyo."

Lo! Ngassa alianza na jembe la kwanza la babu yake. Wageni wakaandika mpaka kalamu zikachoka. Sisi tukapalia makaa. Mara wali ukaiva, na Ngassa ndiyo kwanza yuko mwaka wa ishirini na tatu. Safari hii Scolastika hakumngoja akae. Alikibeba chungu mpaka mlangoni pa mkutano, upande unakotoka upepo, akafunua mfuniko, harufu ikaingia ndani.

Hotuba ilikatika katikati ya mvua za masika za mwaka huo.

Wageni walikula, wakaongeza, mmoja akaomba ukoko. Stanslaus hakutaja tena Kahama. Alisema tu, mdomo umejaa, "Mayu, mwakani ni wewe."

Ngassa alikuja jikoni anafyonza mfupa.

"Shemeji, umenikata. Sikufika kwenye mizani."

"Usijali," Scolastika akamjibu, anakwangua chungu. "Mwakani nitapika maharage."