Mti Ulioangukia Nyumba Yetu

Nikisikia harufu ya shuka mbichi zinazopigwa pasi, hasira hunipanda kabla sijakumbuka sababu. Harufu hiyo ilijaa nyumbani mwetu nilipokuwa na miaka tisa, kabla hatujahamia Johannesburg, tulipokuwa tukiishi kwenye msitu ulio kando ya bahari, kusini kabisa mwa nchi hii. Mama alifua shuka za wageni waliokuja kulala katika vibanda vya mbao, na Papa, seremala kutoka Bukavu, alivikarabati vibanda hivyo. Kule hakuna kilichokauka. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka baharini ukatulia katikati ya miti, na matone yakadondoka matawini mpaka adhuhuri hata kama mvua haikunyesha.

Miti yenyewe ilikuwa ya redwudi, mirefu hata shingo ikakuuma kuitazama, iliyoletwa zamani kutoka Marekani ikiwa miche. Magome yake yalikuwa mekundu na laini kama godoro kuukuu. Mimi na mdogo wangu Neema tuliyapiga ngumi tukicheka kwa sababu hayakuumiza. Mti mmoja ulisimama nyuma ya nyumba yetu ya mabati. Wageni walikuja kuukumbatia na kupiga nao picha, wakipita mbele ya mlango wetu bila hata salamu. Mvua za mwezi wa sita zilipozidi, Papa aliona udongo umepasuka upande mmoja wa shina na mizizi imeanza kuinuka. Akamwambia mwenye mahali pale, ambaye sote tulimwita Bosi. Akamwambia tena. Mara ya tatu nilikuwapo, nimemshika Papa kidole.

"Mti huo ndio unaoleta wageni," Bosi alijibu. "Haukatwi."

"Basi tuhamishe sisi, Bosi. Kile kibanda cha mwisho kiko tupu."

"Vibanda ni vya wageni."

Papa akainamisha kichwa, akasema asante. Asante ya nini? Mpaka leo sijui.

Dhoruba ilitangazwa redioni siku moja kabla. Asubuhi ya siku yenyewe Bosi alikuja na basi dogo kuwachukua wageni awapeleke mjini. Mama alitoka na Neema mgongoni, akauliza kama watoto wangepata nafasi. Bosi akasema gari limejaa. Nilichungulia dirishani: kiti cha nyuma kilikuwa na masanduku, na juu ya masanduku alilala mbwa wa mgeni mmoja. Papa aliamriwa abaki kuangalia mapaa.

Mchana upepo ukafika. Papa alituhamishia kwenye chumba cha kufulia, ambacho kilijengwa kwa mawe, akatuingiza chini ya meza ya kupigia pasi. Hapo ndipo Mama aliposhtuka. Karatasi zetu za ukimbizi zilikuwa kwenye mkoba, uvunguni mwa kitanda. Bila karatasi hizo shule ingenikataa, na polisi yeyote angeweza kutukamata barabarani.

"Acha, Papa Sifa," Mama alimsihi. "Wataandika nyingine."

"Tulipanga foleni miaka mingapi, Mama Sifa? Nakimbia, narudi."

Tukasikia mizizi ikikatika, mmoja mmoja, kisha kishindo kilichotetemesha meza. Mama alimkuta Papa nje ya mlango wetu, tawi limemlalia mkono wa kulia, mkoba umebanwa chini ya kifua. Barabara ilikuwa imezibwa na miti. Tulingoja hadi kesho yake ndipo lilipopatikana gari la kumpeleka hospitali. Mkono haukukatwa, lakini vidole havikukunjika tena.

Bosi alikuja siku ya tatu. Alizunguka vibanda vyote kwanza. Mwishowe akasimama mbele ya mabati yetu yaliyopondeka, akamwambia Mama, "Nilimwagiza aangalie mapaa, si karatasi." Mwezi ulipoisha tukaambiwa tuondoke, kwa kuwa seremala wa mkono mmoja hakuwa na faida.

Tukaja Johannesburg. Papa alilinda mlango wa jengo la maghorofa Hillbrow mpaka nilipomaliza chuo. Sasa nina kazi Sandton, na yeye anaishi nasi Kensington, ambako huwasimulia wanangu uzuri wa ule ukungu, nao humjibu kwa Kiingereza. Nilikuwa nikikasirika. "Papa, waambie na habari ya mkono!" Naye alinijibu, "Eish, Sifa. Mungu alituponya, inatosha."

Mwezi uliopita nilikuta ukurasa wa mahali pale kwenye mtandao. Shina lile limepasuliwa mbao, likawa meza ndefu ambapo wageni hunywa chai. Chini ya picha wameandika kwamba mti uliangushwa na dhoruba, na kwa bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Ilikuwa Jumapili, nikimfunga Papa vifungo vya shati la kanisani, kwa maana vidole vyake haviwezi. Nikamsomea kwa Kiswahili. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akautazama mkono ule kama anauona mara ya kwanza.

"Waandikie," akasema.

"Niandike nini, Papa?"

"Jina langu lote. Na kwamba nilikuwapo."

Nilipokuwa na miaka tisa sikuwa na Kiingereza cha kumjibu Bosi. Sasa ninacho, cha kutosha na cha kusaza. Barua nimeituma. Hawajajibu, na kila Jumatatu ninaituma tena.