Adabu Iliyotunyima Njia

Netley Combe, kijiji chetu cha Devon, kina baa moja, nyumba thelathini na nane, na kanisa lililojitenga ng'ambo ya konde la Luscombe. Ukikata katikati ya konde ni dakika nne kwa mguu. Usipopita hapo, unazunguka kwa barabara kuu isiyo na pembeni pa kutembea, malori yakipita karibu kukung'oa sikio.

Kwa miaka arobaini na sita Bi Mavis Pethick alikata konde hilo kila Jumamosi na maua ya madhabahuni. Ndiye aliyefua mapazia ya ukumbi wa kijiji, ndiye aliyetufundisha sote utotoni kusema tafadhali, na mumewe Reg amezikwa nyuma ya kanisa. Sasa ana miaka themanini na moja na nyonga ya chuma. Barabara kuu haiwezi.

Mwaka juzi mzee Luscombe alifariki, shamba likanunuliwa na Bwana Haldane kutoka London, mtu wa sauti ya chini na mabuti yasiyojua tope. Wiki ya tatu tu akafunga lango kwa mnyororo. Eti anataka faragha! Nilichemka. Kijiji kizima kilichemka, ila kwa mtindo wetu: tuliandika barua.

Sheria inasema watu wakipita mahali miaka ishirini mfululizo, bila kuzuiwa na bila kupewa ruhusa, njia inakuwa ya umma. Tukajaza fomu. Halmashauri ikamtuma afisa kusikiliza shauri ukumbini, na shahidi wetu mkuu akawa Bi Mavis, amevaa kofia yake ya kuendea harusi.

Mwanasheria wa Haldane hakumkaripia. Alimuuliza kwa upole kama alielewana na marehemu Luscombe.

"Sana," akasema Bi Mavis. "Kila Krismasi nilimpelekea keki."

"Mkaongea nini?"

"Namuuliza kama hana neno tukipita mwaka mwingine."

"Mkipita nyinyi nani?"

"Sisi sote. Nilikuwa nawaombea kijiji kizima." Akageuka kututazama, uso umemng'aa kwa kudhani ametutetea. "Naye ananitania, 'Haya piteni, Mavis, ila ukiniletea keki kavu kama ya mwaka jana, nafunga lango.'"

Watu wakacheka. Afisa akaandika. Mwanasheria akakaa chini, hakuwa na swali lingine.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeisoma ile fomu mpaka herufi ya mwisho, nikajua tumekwisha. Angekuwa mtu asiye na haya, akapita miaka yote hiyo bila hata kumsalimu mwenye shamba, leo tungekuwa na njia yetu. Sheria gani hii inayompa haki mfidhuli na kumpokonya mtu mwenye adabu zake? Bado inanikera hadi leo, na sioni sababu ya kuificha hasira yangu.

Barua ilikuja Machi. Maombi yamekataliwa, kwa kuwa wanakijiji walipita kwa ruhusa. Bi Mavis aliisomea jikoni kwangu, akaikunja, akairudisha ndani ya bahasha.

"Kosa ni langu, Hester," akaniambia.

Nikamwambia wa kulaumiwa ni waliotunga sheria, si yeye. Chai yake aliiacha ikapoa.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta langoni kwa Haldane, ndoo ya maua iko chini, mguu mmoja umeshapanda ubao wa pili. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akaniambia nishike maua niache maneno. Nikashika maua kwa mkono mmoja na kiuno chake kwa mwingine.

Haldane akatoka na kikombe chake cha chai. Alisimama hatua kumi kutoka kwetu. Kumbe naye ni Mwingereza kama sisi, na kumfukuza bibi kizee aliyening'inia langoni kwake kulimshinda.

"Bi Pethick," akasema hatimaye, "ungeniomba tu."

"Sikuombi." Akauvusha ule mguu wenye chuma, akatua upande wa pili na kunyoosha sketi. "Hester, andika tarehe ya leo. Miaka ishirini inaanza."