Sabuni Nzito kwa Maji ya Chumvi

Mimi nikikasirika huwa nasafisha. Asubuhi ile nilikuwa nimesugua jiko, sakafu na mlango wa mbele, na bado ile sabuni ya maji niliyotengeneza ilikuwa kwenye ndoo, nyepesi vilevile, kama maji ya kunawa mikono.

Shamba la maua nilikofanya kazi, nje kidogo ya Kitengela, lilikuwa limetuachisha kazi wengi. Kaka yangu alinipigia kutoka Murang'a akasema nirudi nyumbani na wasichana wangu wawili, nisijitese bure. Ana moyo mzuri, lakini nilijua nikirudi sitatoka tena, na wasichana wangu walikuwa wamezoea shule yao. Nikamwomba anipe hadi mwisho wa mwezi.

Mpango wangu ulikuwa sabuni. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku moja kule Thika. Unakoroga ungarol, ule ute mzito unaoleta povu, kwa maji mengi, unatia rangi na marashi, halafu mwisho kabisa chumvi ya kawaida ya jikoni. Mwalimu alikoroga mbele yetu sabuni iliyokuwa ikichuruzika, akamimina chumvi aliyokuwa ameiyeyusha, na mwiko ukaanza kuwa mzito mkononi mwake. Tulipiga makofi. "Ikiwa nyepesi, ongeza chumvi," akasema. Niliandika maneno hayo nikayapigia mstari mara mbili.

Matroni wa shule moja ya bweni, kwenye barabara ya kwenda Kajiado, alikubali kuijaribu. Nilimpelekea mara mbili. Mara zote mbili aliinamisha chupa, akaangalia inavyomwagika, akanirudishia. "Hii ni maji umetia rangi," alisema mara ya pili. "Lete Ijumaa. Ikiwa hivi tena, usisumbuke kurudi." Mtu wa kununua sabuni huku kwetu haulizi ina nini ndani. Anataka kuiona ikishuka polepole. Na mimi sikuwa na mteja mwingine wa kunisimamisha.

Basi siku hiyo niliongeza chumvi. Ikabaki nyepesi. Nikaongeza tena, kwa hasira, hadi pakiti ya pili ikawa inaelekea kuisha. Kadiri nilivyoongeza ndivyo ilivyozidi kulegea, ikaanza hata kuwa na ukungu. Nilimtukana mwalimu wa Thika kimoyomoyo, kisha kwa sauti.

"Sopa," mtu akanisalimu kwa Kimaasai kutoka langoni. Alikuwa jirani yangu, mama mtu mzima aliyehamia hapa kutoka Mashuuru, anayepitisha maziwa nyumba kwa nyumba.

"Ipa, yeyo. Lakini leo usiniulize habari."

Alitua mtungi wake wa maziwa akaangalia ndoo. Hakugusa sabuni. Alichovya kidole kwenye pipa langu la maji, akakilamba.

"Hii maji ni ya borehole ya huko chini?"

"Ndiyo, ya kile kisima."

"Hii iko na chumvi yake. Ng'ombe zangu zinapenda hii kuliko ya mvua. Zikikunywa hii, hata ile chumvi ya kulamba sinunui. Sasa wewe unaongeza chumvi ya nini?"

"Mwalimu alisema."

"Mwalimu alikuwa na maji gani?"

Nilimkasirikia. Miaka sita nimekunywa chai ya maji yale. Nimeona birika likishika ukoko mweupe, nimeosha nywele za watoto zikabaki ngumu kama ufagio, na kila siku nikasema maji ya hapa ni ya chumvi. Kisha nikachukua maji hayohayo kupikia sabuni nikayahesabu kuwa maji tu. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

"Niko na ya mvua kidogo kwa tanki," akasema. "Tuma mtoto na jagi."

Watoto walikuwa shuleni, nikaenda naye mwenyewe, tukarudi na jagi limejaa. Nilichota kikombe kimoja cha ile sabuni iliyoharibika nikaanza kuitia maji ya mvua, kidogo kidogo, huku nikijiona mwendawazimu, maana nani hutia maji kwenye kitu anachotaka kiwe kizito? Nikakoroga. Kijiko kikaanza kugoma. Nikaongeza tone, nikakoroga, sabuni ikasimama ikameta. Nilipiga kelele.

"Umechomeka?" jirani akauliza.

"Imeshika! Yeyo, imeshika!"

Chumvi huikaza sabuni hadi mahali fulani, na ukipita hapo huilegeza tena. Mimi nilikuwa nimepita zamani, kwa sababu maji yangu yalianza safari yakiwa na chumvi tumboni. Hilo mwalimu hakutuambia, labda kwa kuwa maji ya kwao hayajawahi kumlazimu alijue.

Jirani alinihimiza nitumie ya mvua tu, nikakataa. Tanki lake lingeisha kabla ya mwezi, na mimi nilitaka sabuni ninayoweza kutengeneza kwa maji yangu mwenyewe. Siku mbili nilipima kwa vikombe. Niliyeyusha chumvi kando, nikatia nusu kijiko, nikakoroga, nikangoja povu lipande, nikatia tena. Nililegeza vikombe tisa kwa makusudi ili nijue kila kimoja kililegea wapi. Nilipomaliza, ndoo nzima ilihitaji robo tu ya chumvi tuliyofundishwa Thika.

Ijumaa matroni aliinamisha chupa. Sabuni ilitoka kwa uvivu, ikajikunja kiganjani mwake. Hakusifu. Alimwita mpishi, akamwambia aoshe nayo sufuria la nyama kwa maji ya bomba la shule, ambayo ni ya chumvi kuliko yangu. Tulisimama tukiangalia. Povu lilifika kwenye viwiko vya mpishi.

"Jumatatu lete mitungi mitano," matroni akasema, akaenda zake.

Nilitembea hadi nje ya lango nikalia, mimi ambaye sikulia siku tuliyoachishwa kazi. Halafu nikajifuta, nikampigia kaka yangu.

"Hatuji," nikamwambia.

"Hadi mwezi ujao?"

"Hatuji."