Mgongo wa Mkwe Wangu

Nilipotoka hospitali Mwanza na goti la chuma, binti yangu hakunirudisha kwangu Kasoli. Choo changu ni cha kuchuchumaa, kiko nje, na daktari alishasema kuchuchumaa nisahau. Akanipeleka kwake Bariadi mjini, kwenye choo cha kukaa. Njia nzima nililia, naye akadhani ni mshono. Nililia kwa sababu nilikuwa naenda kulala nyumbani kwa mkwe wangu.

Kwa asiyetujua Wasukuma wa umri wangu: mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti yake, hawatazamani usoni. Tangu amuoe binti yangu sijawahi kula mbele yake. Akija Kasoli akanikuta uani, nazunguka nyuma ya nyumba, naye anaangalia pembeni mpaka nitokomee. Tunasalimiana ukuta ukiwa katikati. "Mwangaluka, mayu," yaani mama. "Mwangaluka, baba." Basi. Hiyo ndiyo heshima, na tulipendana vizuri tu namna hiyo. Sasa chumba nilichopewa, mlango wake ulifungukia sebuleni, mbele ya kiti chake.

Mtaalamu wa mazoezi alinionya kabla sijaondoka. Goti jipya lisipokunjwa mapema linakakamaa. Ninywe dawa ya maumivu, nisubiri ishike, halafu nikunje hata kama linauma. Nitembee na fremu ya kujishikilia asubuhi na jioni. Nikae kwenye kiti, niburuze kisigino mpaka kiingie chini ya kiti. Nikiweza hilo, nitaweza kuketi na kuinuka mwenyewe, na nitarudi kwangu. Nilitaka sana kurudi kwangu.

Lakini kutembea na fremu maana yake ni kupita sebuleni nimeinama, gauni limepanda, jasho linanitoka, naguna. Mbele ya mkwe? Na nikilikunja lile goti nilikuwa natoa sauti ambayo sikuitoa hata siku za kuzaa. Kwa hiyo nikajilaza. Binti akiuliza, "Mama, umetembea leo?" namjibu nimetembea mpaka nimechoka. Mwanamke mzima, niliyezeekea kwenye kilimo cha pamba, nadanganya kama mtoto aliyekataa kuoga.

Ruhusa ya binti ilipokwisha, akarudi shuleni kufundisha. Hapo nikaona jambo. Mkwe naye, akishakunywa chai, anatoka, na ndani haonekani mpaka mkewe arudi. Hata chakula cha mchana hali nyumbani. Jirani aliponiletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nikamfungulia moyo, kwa sauti yangu ya shambani, dirisha likiwa wazi. "Ananikimbia," nikasema. "Kanichoka. Mwanaume gani anaikimbia nyumba yake kwa sababu ya kikongwe mgonjwa?" Jirani akanituliza. Mimi nikaongeza na mengine ambayo hapa siyaandiki.

Tuliporudi kliniki, mtaalamu alilishika goti akalisukuma, nikapiga kelele, nalo likagoma palepale. Akasema nikirudi tena likiwa hivyo nitalazwa, nitapewa usingizi, walikunje wao.

"Mbona anatembea kila siku?" binti akamwambia, ananitetea.

Nikatazama sakafu. Aibu ilinishika.

Kesho yake, nyumba ikiwa tupu, nikaamua kutembea kweli. Nilifika chooni, nikamaliza haja yangu, nikajifunika vizuri. Kuinuka ndiko kukawa kazi. Goti halikukunjika vya kutosha kunipa nguvu, na fremu niliyoivuta ikateleza ikaangukia mlangoni. Nikajaribu, nikaketi. Nikajaribu tena, mguu mzima ukaanza kupwita. Mwisho nikamwita jirani, kwanza kwa upole, baadaye kwa kilio.

"Mayu," sauti ikajibu, chini kabisa ya dirisha la choo. "Niko hapa."

Alikuwa mkwe wangu. Duka lake la spea za pikipiki alikuwa amemwachia mdogo wake, naye kila siku alikaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli chembamba cha tangi la maji. Alikaa nje ili mimi niwe huru ndani, na alikaa karibu ili anisikie nikianguka. Hayo binti alinieleza baadaye. Wakati ule niliwaza jambo moja tu: dirisha la chumba changu nalo liko upande huohuo wa tangi.

"Usiingie!" nikamwambia.

"Sitakutazama, mayu."

Akaja kinyumenyume. Nilianza kuona visigino, kisha mgongo. Alikuwa ameanua kanga ya mkewe kwenye kamba, akaipitisha mbele ya kiuno chake, ncha zake mbili zikaja nyuma kwangu. "Shika kanga," akasema, anautazama ukuta wa korido. "Ukiwa tayari nitaenda mbele taratibu." Nikashika. Akavuta kama ng'ombe wa plau, nami nikasimama. Fremu akaisukumia nyuma kwa mguu, bila kugeuka. Nilikuwa nalia, na sikumshukuru. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na hilo goti la chuma.

Tangu siku hiyo, binti akishaondoka, mkwe alikuwa anageuza kiti chake kikaelekea ukutani, anakaa, ananihesabia mikunjo kwa sauti. Mimi nakaa nyuma yake, nakunja. Hakuwahi kugeuka. Kelele zangu nilizimalizia ndani ya kanga niliyoiuma kwa meno. Mgongo wake niliujua kuliko migongo ya wanangu: shati lililopauka, kola iliyoshonwa upya, jasho katikati. Kila nikiutazama nilisikia ile sauti yangu ya shambani ikitoka dirishani.

Siku moja nikashindwa kukaa na jambo hilo moyoni. "Baba," nikauambia mgongo, "siku ile na jirani, nilisema unanikimbia."

Akaacha kuhesabu.

"Nilisikia, mayu," akasema. "Nilisikia yote. Haya, kunja."

Nikaitoa kanga mdomoni. Nikakunja, nikapiga kelele yangu yote, na kisigino kikaingia chini ya kiti.