Shajara Iliyomuua Mume Wangu

Chekeni tu, hata mimi sasa nacheka, ila Jumamosi ile niliona aibu mpaka nikatamani sakafu ya gorofa letu hapa Berea, huku ugenini, ipasuke inimeze.

Kisa ni kikundi chetu cha wamama tunaosoma Kifaransa. Madamu Odette, aliyekuwa mwalimu kule Bukavu, alituambia Wafaransa zamani walikuwa wanaandika shajara na kuzifungia kwa ufunguo, siku hizi wanazichapa vitabu, wengine wanazimwaga mtandaoni, basi kila mmoja wetu alete ukurasa wake asome. Nikafungua yangu (ninayo kweli, tangu shule) nikakuta: leo nimesuka vichwa viwili, unga umepanda bei. Eish! Nikasome hayo mbele ya Madamu? Nikaamua kumuua Baba Neema. Kwenye karatasi, jamani! Nikaandika ujane, kitanda kipana, viatu vyake mlangoni, na siku ya kusoma machozi yakanitoka, wenzangu nao wakalia, nikarudi nyumbani kichwa juu.

Sasa, labda Mfaransa akisikia shajara ya msiba atasifu maneno. Sisi tunapika.

Jumamosi mchana wakafika wote na vitenge, sufuria za sombe, kile kisamvu cha Kikongo, wanaimba nyimbo za matanga kuanzia kwenye ngazi. Baba Neema hawakuwahi kumwona, maana ni mlinzi wa usiku, mchana analala. Kabla sijafumbua mdomo akatoka chumbani, macho mekundu, amejifunga shuka jeupe.

"Nani amekufa?"

Mama Sifa akapiga yowe akarudi mbio ngazini, sufuria mkononi. Madamu Odette akakaa chini pwaa, Kifaransa chote kimemtoka.

"Ni wewe, Baba Neema," nikasema. "Lakini kwenye shajara tu."

Mume wangu ni mtu wa Tanga, uchuro anauogopa kuliko majambazi. Akanikazia macho, nikajua ndoa ndiyo hiyo inakwenda.

"Ulipokuwa unasoma, ulilia?"

"Nililia kweli."

"Alilia sana, baba," wakadakia wamama.

Akavuta kiti. "Basi nipakulieni sombe ya msiba wangu kabla haijapoa."

Uwii, pumzi niliyoshusha! Tukala, tukacheka, hata Mama Sifa akarudi. Tangu hapo naandika vichwa na bei ya unga tu, siui tena hata panya. Ila yeye ndiye hatulii, kila mwisho wa wiki utamsikia: "Mama Neema, lini utaniua tena? Nimetamani sombe."